Mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika ya Mashariki

Mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika ya Mashariki yalitokea kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918 katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Msumbiji, Malawi na Zambia. Upande mmoja ulikuwa Ujerumani, iliyotawala koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Upande wa pili ulikuwa Uingereza, ikisaidiwa na Ubelgiji na Ureno. Mapigano yanayotajwa zaidi ni yale ya Tanga (Novemba 1914), Jasini (Januari 1915), Salaita na Latema-Reata (Februari na Machi 1916), Tabora (Septemba 1916) na Mahiwa (Oktoba 1917).

Hakuna hata moja kati ya mapigano haya lililoamua nani angeshinda vita ya dunia. Jambo hilo liliamuliwa Ulaya. Lakini yaliamua vita ingepiganwa namna gani katika eneo hili, ingedumu muda gani, na nani angebeba gharama yake. Mawili ya kwanza, Tanga na Jasini, yalikuwa na athari kubwa kuliko yote yaliyofuata, ingawa Jasini halijulikani sana nje ya vitabu vya wataalamu.

Hali mwanzoni mwa vita

Koloni la Wajerumani lilijumuisha Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi. Kwa upande wa kaskazini lilipakana na Kenya na Uganda za Waingereza, magharibi na Kongo ya Wabelgiji, kusini na Msumbiji ya Wareno na makoloni ya Waingereza ya Nyasaland (Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Upande wa mashariki ilikuwepo bahari, na bahari ilikuwa chini ya manowari za Uingereza. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza koloni lilikuwa limefungiwa.

Jeshi lake, lililoitwa Schutztruppe (maana yake jeshi la ulinzi), lilikuwa na Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500 waliogawanywa katika kombania 14. Kombania nyingi bado zilitumia bunduki za mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui mahali mpigaji alipolala. Waingereza nao hawakuwa na jeshi kubwa. King's African Rifles (KAR), ambao wenyeji waliwaita Keya, walikuwa batalioni tatu tu zilizotawanyika kati ya Kenya, Uganda na Nyasaland.

Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani. Aliegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi ya makoloni ya beseni la Kongo kutangazwa kuwa nje ya vita za Ulaya. Kamanda wa jeshi, Luteni-kanali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika nchini Januari 1914, aliona tofauti. Alijua hawezi kushinda, lakini kila askari wa Uingereza atakayeletwa Afrika ni askari ambaye hatapelekwa Ufaransa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wiki moja baadaye Wajerumani waliteka Taveta, upande wa Kenya, wakaikalia kwa mwaka mmoja na nusu.

Kusini, kwenye Ziwa Nyasa, mapigano ya Karonga ya tarehe 9 Septemba 1914 yaliwaua Waafrika wengi wa jeshi la Waingereza. Mchungaji John Chilembwe aliandika barua gazetini akihoji kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usiowahusu. Januari 1915 aliongoza uasi dhidi ya Waingereza katika Nyasaland na kuuawa. Swali lake halikujibiwa.

Tanga, 2–5 Novemba 1914

Waingereza walipanga kumaliza kazi kwa pigo moja. Kikosi cha watu wapatao 8,000 kilitumwa kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken ili kuteka bandari ya Tanga, mwanzo wa reli ya kwenda Moshi. Wakati huohuo kikosi kingine kingeshambulia Longido, kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro. Shambulio la Longido lilishindikana tarehe 3 Novemba.

Kikosi cha Aitken kilikuwa na udhaifu uliojulikana hata kabla hakijaondoka Bombay. Baadhi ya batalioni hazijawahi kufanya mazoezi pamoja, nyingine zilipewa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya safari, na askari wengi walikuwa wamekaa melini kwa wiki kadhaa katika msongamano. Aitken hakutuma watu kuchunguza nchi, wala hakutaka kuchukua askari wa KAR waliojua mazingira. Aliamini askari Waafrika wa Wajerumani hawataweza kusimama mbele ya jeshi la kisasa.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari HMS Fox iliingia bandarini peke yake. Nahodha wake alimwarifu mkuu wa wilaya Mjerumani kwamba makubaliano ya kutoupiga mji yamefutwa, akadai mji usalimishwe. Mkuu wa wilaya aliomba muda wa kushauriana, akatoweka. Kwa maneno mengine, Waingereza walipiga hodi kabla ya kuvamia. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa upande wa Moshi, alianza kupakia kombania zake kwenye treni, safari ya zaidi ya kilomita 300.

Waingereza walishuka usiku ule Ras Kasone, mashariki ya mji, mahali penye mikoko na vichaka. Shambulio la kwanza la tarehe 3 lilirudishwa na Wajerumani wachache. Badala ya kuendelea mara moja, Aitken alisubiri hadi jeshi lote lishuke. Usiku huo Lettow-Vorbeck alifika, akapita katika mji mtupu kwa baiskeli akikagua njia hadi karibu na ufuo. Alikuwa na watu wapatao 1,000 tu.

Tarehe 4 mchana jeshi la Aitken lilisonga mbele kupitia mashamba ya mpira na mkonge katika joto kali. Upande wa kulia, Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire na askari wa Kashmir walipigana nyumba kwa nyumba wakaingia mjini. Upande wa kushoto hali ilikuwa mbaya. Batalioni moja ya Wahindi ilivunjika ilipokutana na bombomu, nyingine ikasimama. Lettow-Vorbeck aliona ubavu wa kushoto wa adui uko wazi akaupiga kwa kombania aliyoiweka akiba, na mstari wote ukarudi nyuma kuelekea ufuoni.

Katikati ya mapigano risasi zilipasua mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na nyuki wakawashambulia askari. Kwa sababu hiyo mapigano haya huitwa pia "Vita ya Nyuki", na hadithi ilienea kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa makusudi. Haikuwa hivyo. Nyuki waliwauma watu wa pande zote mbili, na kwa muda waliwafukuza hata Wajerumani kwenye bombomu zao. Hadithi hiyo ilipendwa Uingereza labda kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali kushindwa na nyuki kuliko kushindwa na askari Waafrika waliofundishwa vizuri.

Jioni tarumbeta ilieleweka vibaya na askari wa Wajerumani wakarudi kambini kwao, magharibi ya mji. Kwa saa kadhaa za usiku Tanga haikuwa na mlinzi. Waingereza hawakujua. Siku iliyofuata Aitken aliamuru wapande meli, wakaacha vifaa vizito ufuoni.

Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani waliouawa pamoja na askari wao walikuwa takriban 70, akiwemo Kapteni Tom von Prince, ambaye Waafrika walimjua kwa jina la Bwana Sakarani tangu vita vya Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Ngawira ilikuwa na thamani kuliko ushindi wenyewe: mamia ya bunduki za kisasa, bombomu, simu za vitani na risasi zipatazo 600,000. Jeshi ambalo halikuweza kuletewa silaha kwa bahari lilikuwa limeletewa silaha na adui yake.

Aitken aliitwa Uingereza na kushushwa cheo. Habari za Tanga zilifichwa kwa umma wa Uingereza kwa miezi kadhaa.

Jasini, 18–19 Januari 1915

Jasini ni kijiji cha pwani kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya upande wa Vanga. Waingereza waliweka hapo ngome ndogo yenye askari wa India katika shamba la mkonge. Lettow-Vorbeck aliona hatari kwa Tanga akakusanya kombania tisa, kikosi kikubwa kuliko alichokuwa nacho Tanga.

Ngome ilizingirwa alfajiri ya tarehe 18. Kanali Raghbir Singh wa kikosi cha Kashmir aliuawa, na majaribio ya kuwaokoa waliozingirwa yalizuiwa. Asubuhi ya tarehe 19 walinzi waliishiwa risasi wakainua bendera nyeupe. Lettow-Vorbeck aliwapongeza maofisa waliotekwa, akawarudishia panga zao na kuwaachilia kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita hiyo.

Ulikuwa ushindi, lakini kamanda alipohesabu gharama alistuka. Maofisa kadhaa aliowategemea walikuwa wameuawa, naye mwenyewe alijeruhiwa mkononi. Risasi 200,000 zilikuwa zimetumika, yaani theluthi moja ya zile zilizotekwa Tanga. Kwa hesabu yake angeweza kupigana mapigano mengine ya aina ile mara tatu tu, basi. Kuanzia hapo aliacha kutafuta mapigano makubwa. Alituma doria ndogo za watu wachache wenye baruti kupita nyika kavu ya Tsavo na Taru na kulipua reli ya Uganda.

Upande wa pili pia ulifikia uamuzi unaofanana. London iliagiza kwamba jeshi la Afrika ya Mashariki lijilinde tu, na kituo cha Jasini hakikukaliwa tena. Hivyo mapigano ya siku mbili katika shamba la mkonge yalizifanya pande zote mbili ziache kupigana kwa mwaka mzima. Vitabu vya shule hutaja Tanga na kuruka Jasini, lakini ni Jasini ndiyo inayoeleza kwa nini vita ilidumu miaka minne.

Mwaka wa kusubiri

Mwaka 1915 haukuwa na mapigano makubwa ya nchi kavu. Mwezi Juni Waingereza walivuka Ziwa Viktoria na kuvamia Bukoba, wakabomoa kituo cha simu ya upepo na kuondoka. Tarehe 11 Julai manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, ambayo Septemba 1914 iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar na kisha kujificha kwenye delta ya Rufiji, ilishindwa na kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu, ikavutwa bara na mamia ya watu. Ilisikika katika karibu kila pigano kubwa la miaka miwili iliyofuata. Meli mbili za Kijerumani, moja mwaka 1915 na nyingine Machi 1916, zilifaulu kupenya na kushusha shehena za silaha na dawa.

Wajerumani walitumia muda huo kuandikisha askari. Jeshi lao lilifikia zaidi ya watu 14,000 mwanzoni mwa 1916.

Mashambulizi ya 1916

Julai 1915 koloni la Kijerumani la Kusini-Magharibi (Namibia) lilisalimu amri, na Afrika Kusini ikawa na majeshi ya ziada. Maelfu yalipelekwa Kenya.

Pigano lao la kwanza lilikuwa Salaita, kilima kilicho mashariki ya Taveta, tarehe 12 Februari 1916. Mizinga ya Waingereza ilipiga kilele cha kilima, lakini mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima. Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, ambao wengi wao walikuja wakidharau kila askari asiye Mzungu, walirudi mbio. Waliookoa hali ni Wabaluchi wa jeshi la India. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bombomu iliyoachwa na Waafrika Kusini, wakairudisha pamoja na barua ya adabu iliyowaomba waache kuwaita makuli.

Wiki moja baadaye Jenerali Jan Smuts alifika kuwa kamanda mkuu. Tarehe 11 na 12 Machi jeshi lake lilipigania vilima vya Latema na Reata, magharibi ya Taveta. Mapigano yalikuwa ya usiku, ya karibu na ya kuchanganyikana. Kamanda wa batalioni ya tatu ya KAR aliuawa hapo. Asubuhi Wajerumani walikuwa wameondoka, si kwa sababu ya kushindwa vilimani bali kwa sababu kikosi kingine cha Smuts kilikuwa kinazunguka nyuma yao kupitia Kilimanjaro. Moshi ilikaliwa siku moja baadaye.

Utaratibu huu ulirudiwa mwaka mzima. Smuts hakupenda mashambulizi ya uso kwa uso kwa kuwa vifo vingi vingemletea lawama za kisiasa nyumbani, hivyo alijaribu kila mara kumzunguka adui. Lettow-Vorbeck alipigana na kikosi cha mbele kwa siku moja au mbili, kisha akaondoka kabla mzunguko haujafungwa. Mara moja alijaribu kushambulia mwenyewe, huko Kondoa usiku wa tarehe 9 Mei 1916, akarudishwa kwa hasara. Ramani ilionyesha mafanikio makubwa: Tanga ilianguka Julai, Morogoro Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Lakini jeshi la Wajerumani lilikuwa bado zima kusini ya reli ya kati.

Jeshi la Smuts ndilo lililokuwa likivunjika. Farasi walikufa kwa maelfu kwa nagana inayoletwa na mbung'o. Batalioni ya tisa ya Afrika Kusini iliyoanza na watu 1,135 mwezi Februari ilibaki na watu 116 wenye afya mwezi Oktoba, na wengi wa waliotoka walitolewa na malaria na kuhara damu, si risasi. Mwishoni mwa mwaka askari wengi Wazungu walirudishwa kwao. Januari 1917 Smuts aliondoka, akasema vita karibu imekwisha. Ilikuwa imebaki karibu miaka miwili.

Tabora na upande wa magharibi

Upande wa magharibi Wabelgiji walivuka kutoka Kongo wakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur. Askari wao, karibu wote Wakongo, walikalia Kigali mwezi Mei 1916, wakapita Burundi, wakafika Kigoma mwishoni mwa Julai. Mapigano makali ya Itaga, kaskazini ya Tabora, yaliwarudisha mara ya kwanza, lakini tarehe 19 Septemba waliingia Tabora, mji mkubwa kuliko yote ya bara. Jenerali Kurt Wahle alikuwa ameondoka na askari wake kuelekea Iringa.

Pigano hili lilibadilisha mipaka kuliko mengine yote. Ubelgiji iliirudisha Tabora kwa Waingereza lakini ilibaki na Rwanda na Burundi, na Shirikisho la Mataifa likaziweka nchi hizo chini ya usimamizi wake. Kukatwa kwao kutoka Tanganyika kulianzia hapo.

Mahiwa, 15–18 Oktoba 1917

Mwaka 1917 vita ilikuwa imekuwa ya Waafrika dhidi ya Waafrika. KAR iliongezwa haraka, hadi batalioni 22 na watu wapatao 35,000 kabla ya mwisho wa vita. Baadhi yao walikuwa askari wa zamani wa Schutztruppe waliotekwa na kubadili upande. Walikuja pia askari kutoka Nigeria na Pwani ya Dhahabu (Ghana).

Katika Mkoa wa Lindi wa leo, karibu na Nyangao, vikosi viwili vya Waingereza vilijaribu kumbana Jenerali Wahle. Lettow-Vorbeck alifika ghafla na kombania za ziada. Wanigeria walizingirwa Mahiwa. Jenerali Beves, kamanda wa Waingereza mahali pale, alitupa askari wake moja kwa moja kwenye mahandaki, siku baada ya siku. Lettow-Vorbeck alimkumbuka tangu Reata na alitegemea afanye hivyo hivyo.

Watu wasiozidi 1,500 walipigana na karibu 5,000. Hasara ya Waingereza hukadiriwa kuwa kati ya watu 2,000 na 2,700. Ya Wajerumani ilizidi 500. Kwa idadi ya waliokufa hili ndilo pigano kubwa la vita nzima katika eneo hili, na Wajerumani ndio walioshinda uwanjani. Hata hivyo hesabu ya Jasini ilirudi. Risasi za bunduki za kisasa zilikuwa karibu zimekwisha, bombomu kadhaa ziliachwa kwa kukosa risasi, na wengi waliobaki walishika tena bunduki za moshi za 1871. Jeshi lililoshinda Mahiwa halikuweza kubaki katika koloni lake. Wiki tano baadaye liliondoka.

Kuvuka Ruvuma

Lettow-Vorbeck aliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi Makonde ili watekwe, akavuka mto Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917 akiwa na Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Siku hiyohiyo aliteka kambi ya Wareno ya Ngomano pamoja na silaha na vyakula vyake. Wakati huohuo ndege-puto kubwa ya Kijerumani, L59, iliyotumwa kutoka Bulgaria na dawa na risasi, iliamriwa kurudi ikiwa juu ya Sudan.

Kwa miezi kumi jeshi hilo lilizunguka Msumbiji likiishi kwa kuteka. Huko Namakura, karibu na Quelimane, mwanzoni mwa Julai 1918, liliwapiga Wareno na Waingereza pamoja na kujaza tena maghala yake. Septemba lilirudi upande wa Tanganyika, likapita Songea na Njombe, likaingia Rhodesia ya Kaskazini na kufika Kasama. Hapo, tarehe 13 Novemba, zilifika habari kwamba vita Ulaya imekwisha tangu siku mbili. Tarehe 25 Novemba 1918 Wajerumani 155 na askari 1,168 waliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Lettow-Vorbeck alipokelewa Berlin kama shujaa, na maandishi mengi ya Kizungu yanamsifu kuwa bingwa wa vita vya msituni asiyeshindwa. Sifa ya ustadi ni haki yake. Lakini ustadi huo uliwezekana kwa sababu hakulazimika kujali kilichobaki nyuma ya jeshi lake.

Wapagazi na wakulima

Vita ya kufukuzana katika nchi isiyo na barabara, ambamo mbung'o huua farasi na ng'ombe, ililazimu kila kitu kibebwe kichwani. Hesabu yake ni rahisi na ya kutisha. Mpagazi hubeba mzigo wa kilo 25 hivi na hula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake. Askari aliye mbali zaidi hubakiwa na kilo tano. Kwa hiyo kila hatua ambayo Lettow-Vorbeck aliwavuta Waingereza mbali na reli ilizidisha idadi ya wapagazi.

Katika miaka minne Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, wengine kwa miezi, wengine kwa wiki. Mwanzoni baadhi walijiandikisha kwa mshahara. Kuanzia 1915 sheria iliruhusu kuwakamata, na mwaka 1917 wilaya za Kenya zilisombwa wanaume kwa nguvu. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, mara nyingi bila chombo cha kutosha cha kuupikia, na watu waliozoea ndizi waliharibika matumbo. Walilala mvuani bila hema. Vifo vilivyoandikwa vinakaribia 45,000. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokufa walifikia 100,000 au zaidi. Askari wa upande huohuo waliokufa, kwa risasi na magonjwa pamoja, walikuwa kidogo zaidi ya 10,000.

Wajerumani hawakuweka orodha ya wapagazi wao. Waliwatoa vijijini jeshi lilipopita, wakawatumia mpaka waliposhindwa, wakachukua wengine.

Wasiosombwa walipoteza chakula. Ugogo ilipitiwa na majeshi yote mawili, yote yakichukua ng'ombe na nafaka, huku wanaume wa kulima wakiwa wamekwenda. Mvua zilipokosekana ilikuja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, na inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya watano alikufa. Mwishoni mwa 1918 homa ya mafua ya dunia ilifuata njia zilezile za majeshi na kuwakuta watu wakiwa tayari wamedhoofika.

Kumbukumbu

Tanga kuna makaburi ya waliokufa Novemba 1914. Katikati ya Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, sanamu ya wakati huohuo ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Kumbukumbu nyingine imo katika majina. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote mbili zinatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jinsi lilivyotamkwa na watu waliokaa katika kambi hizo. Wengi wanaonunua na kuuza huko kila siku hawajui asili ya jina.

Wapagazi waliokufa hawakupewa mawe ya makaburi yenye majina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi na kuanza kutafuta majina katika kumbukumbu zilizobaki.